Mke wangu yuko kampuni ya madini, nami naandika juu ya kobalti. Nitaje?

Ruashi_Afya
Wandugu, naomba ushauri. Mimi ni daktari wa zoni ya afya hapa Lubumbashi. Pamoja na wenzangu tumepima kobalti kwenye mkojo wa watoto wa mtaa ulio karibu na kiwanda cha kuyeyushia madini, na makala iko tayari kwenda kwa jarida. Kuna sehemu ya kutaja mgongano wa maslahi, yaani uhusiano au msaada unaoweza kutuegemeza upande mmoja. Mkuu wetu anasema tuandike "hakuna", basi. Lakini bibi yangu ni mhasibu wa kampuni yenye kiwanda hicho, na kampuni ilituazima gari na mafuta tulipokuwa tunakusanya sampuli. Mkuu anajibu: "Gari si pesa, na bibi yako si mwandishi." Tena mtu wao wa mahusiano ameomba kuisoma kabla hatujaituma. Nifanyeje, na bibi asipoteze kazi?

Papa_Katuba
Dokta, gari ni pesa, jaribu kulikodi uone. Majarida mengi ya tiba yanatumia fomu ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri. Kwanza inauliza kila msaada ulioingia kwenye kazi yenyewe tangu ilipoanza kupangwa: ruzuku, vifaa, hata ada ya kuchapisha. Gari linaingia hapo. Halafu inarudi nyuma miezi 36: safari ulizolipiwa, ushauri wa malipo, hisa, zawadi. Kila mwandishi anajaza yake, mkuu hawezi kukujazia. Kuhusu bibi, kamati hiyo inataja pia uhusiano wa kibinafsi. Andika "mke wa mwandishi mmoja ni mwajiriwa wa kampuni". Jina lake la nini?

Mwana_wa_Mgodi
Mji huu nani hana mtu mgodini? Mimi nilizaliwa hospitali ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Tukitaja wote itakuwa orodha ya ukoo 😂

Papa_Katuba
Wewe hujaandika juu ya kiwanda chao. Siku ukiandika, taja.

Mama_Kamalondo
Mimi ni mtu wa redio. Kinachonitisha ni hilo la kusoma kwanza. Mwaka 1967 watafiti wa Harvard walichapisha kwenye New England Journal of Medicine mapitio yaliyoipunguzia sukari lawama ya ugonjwa wa moyo, yakayatupia lawama hiyo mafuta ya chakula. Wenye viwanda vya sukari walikuwa wamewalipa, na rasimu waliziona. Msomaji hakuambiwa; jarida lilianza kudai mambo hayo yatajwe 1984, na siri ikaanikwa 2016. Kampuni ikisoma kabla, itaomba neno moja tu: "kiwango kimezidi" iwe "huenda kiwango kimezidi". Kesho neno lingine. Waambie watapata nakala siku ikitoka, sawa na watu wa mtaa. Na ukija redioni, habari ya bibi uiseme mwenyewe kabla sijakuuliza.

Ruashi_Afya
Aksanti sana. Bibi amekubali, mradi jina lisiwepo. Kampuni nitaijibu hivyo. Aliyebaki ni mkuu: anaogopa mwakani hawatatupa gari tena.

Papa_Katuba
Hilo nalo ni maslahi, alijaze kwenye fomu yake 😄 Akikataa, wewe jaza yako, mpe nakala kabla makala haijatumwa, asije akasema hakujua.