Nimefukuzwa kazi Kigoma kwa madai ya ukichaa, na hakuna daktari aliyenipima

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki tatu zilizopita, siku ya Ijumaa, nilikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi nikiwa getini, nimesimama juani, mlinzi kashika kalamu ananisubiri nisaini. Barua yenyewe ina aya mbili. Ya kwanza inasema kwamba kutokana na hali yangu ya afya ya akili, uongozi umejiridhisha siwezi kuendelea na majukumu yangu kwa usalama. Ya pili inanitaka nirudishe kitambulisho, buti na ufunguo wa ghala. Basi. Miaka sita na miezi minne ya jasho langu imeishia hapo.

Jina la kampuni silitaji kwa sasa kwa sababu shauri liko njiani. Ni wasafirishaji wa mizigo hapa Kigoma mjini, wanapokea saruji, unga na vinywaji na kuvusha ziwa kwenda Kalemie na Uvira, upande wa Kongo. Mimi nilikuwa karani wa ghala. Kazi yangu kuhesabu: kilichoshuka kwenye lori, kilichopanda kwenye boti. Aliyewahi kuifanya anajua, mzigo ukipungua mwenye kukatwa mshahara ni wewe uliyesaini.

Nianze na hilo wanalotaka nilionee aibu. Ndiyo, niliumwa. Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alitoka Kibirizi jioni na wenzake watatu, usiku upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Watatu waliokolewa. Yeye tulimpata siku ya nne, na mimi ndiye niliyeitwa kumtambua, nikamjua kwa shati kwa sababu nilimnunulia mimi pale Mwanga. Tukazika, watu wakatawanyika, mimi nikabaki na usiku. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda mpaka adhana ya alfajiri. Chakula kikawa hakipiti. Kazini nikawa nahesabu, nikifika mia mbili na kitu nasahau, naanza upya.

Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka hospitali. Nilikwenda mwenyewe na mama watoto. Daktari alinisikiliza karibu saa nzima, akaniambia hii ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, akaniandikia dawa za kunywa usiku na ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku 21. Siku za mwanzo dawa zilinikausha kinywa na asubuhi niliamka mzito kama nimebeba gunia, baadaye mwili ukazoea. Nikaanza kulala. Siku ya kurudi kliniki daktari akaandika kwamba nafaa kuendelea na kazi yangu, na karatasi hiyo niliipeleka ofisi ya utumishi kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo.

Nilidhani yameisha. Kumbe wakati niko nyumbani, ED yangu ilipigwa picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la kazini, jina langu na ugonjwa wangu vinasomeka. Watu zaidi ya arobaini. Mmoja akaandika "jamaa kadata". Mwingine, "huyo Mirembe moja kwa moja", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengine wakaja na habari za kurogwa, si mnajua Kigoma yetu na maneno yake. Msimamizi yumo kwenye grupu hilo, afisa utumishi yumo, hakuna aliyesema acheni. Nawauliza, hiyo karatasi ilitokaje kwenye faili langu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inahesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Nilimpa mwajiri karatasi ile ili ajue kwa nini sipo kazini. Sikumpa aitembeze.

Niliporudi nilikikuta kikombe changu kimetolewa kwenye trei ya chai, kimewekwa peke yake dirishani juu ya gazeti. Miaka sita tumekunywa chai pamoja. Sonona haiambukizi kwa kikombe. Nilikichukua, nikakiosha, nikakirudisha kwenye trei. Kesho yake nikakikuta dirishani tena.

Hayo nilikuwa tayari kuyavumilia. Kilichoniondoa kazini ni saruji.

Tarehe 11 liliingia lori, hati inasema mifuko 600. Mimi huhesabu kwa vijiti kwenye kaunta buku langu, vijiti vinne na cha tano kinakatiza, kila fungu ni mifuko mitano. Makuli walipomaliza kushusha nilikuwa na mafungu 114 na vijiti viwili. Yaani 572. Nikawaomba makuli tuhesabu tena kwenye mpangilio, safu kwa safu. 572. Nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia bosi, mzigo una upungufu wa mifuko 28, sisaini 600. Akanitazama, akasema, "Bwana mdogo, wewe siku hizi unaona vitu vyako. Hizo dawa unazokunywa zinakuchanganya. Saini."

Sikusaini. Niliandika 572, nikaweka tarehe na saa.

Siku mbili baadaye nikaitwa ofisini. Walikuwa watatu upande wa pili wa meza, mimi peke yangu. Sikupewa barua ya wito, sikuambiwa naweza kuja na mtu wa kunisindikiza, sikusomewa kosa. Walikuwa wameshaandika barua ya mimi kuacha kazi kwa hiari yangu, wakanisogezea. "Ndugu yetu, tunakusaidia, chukua mishahara miwili ukapumzike, umepitia makubwa." Walitumia msiba wa mdogo wangu kama chambo, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nikawaambia kama ni pole, pole yenu nilishaipokea msibani. Sikusaini hiyo nayo. Ijumaa yake ndiyo barua ya getini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimeshapigiwa simu na watu wanaonitakia mema wananishauri nikane. "Sema hukuumwa, sema ilikuwa uchovu tu." Sikani. Niliumwa, nikatibiwa, nikapona kiasi cha kufanya kazi, na bado nakwenda kliniki. Dereva wetu mmoja alivunjika mguu, akakaa nyumbani miezi minne, aliporudi alipokewa kwa soda na makofi, na ilikuwa haki yake kabisa. Mguu ukivunjika ni mgonjwa, akili ikielemewa ni kichaa? Ugonjwa wangu una kifungu kilekile cha sheria na ugonjwa wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mimi nilitumia 21. Na haikusema "isipokuwa ugonjwa wa akili".

Mtu akiniambia mwajiri ana haki ya kumwondoa asiyeweza kazi, nakubali, lakini ana njia ya kupita. Kifungu cha 37 kinataka awe na sababu halali na ya haki, na pia afuate utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 kinamwachia yeye mzigo wa kuthibitisha hayo, si mimi. Kisha kuna Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinazoeleza cha kufanya mfanyakazi akishindwa kazi kwa ugonjwa: mwajiri aangalie ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, asikie maoni ya daktari, atafute kama kuna kazi nyingine au marekebisho yanayowezekana, na amsikilize mfanyakazi mwenyewe kabla ya kuamua. Nionyesheni hata kimoja walichofanya. Wamejiridhisha kwa kipimo gani? Nani kati ya wale watatu ni daktari? Wangeniambia nikapimwe na daktari wa upande wao ningekwenda siku hiyohiyo. Daktari pekee aliyeniona aliandika nafaa kazi, na karatasi yake ina muhuri wao.

Kwa yeyote aliye kwenye hali yangu, kuna jambo ambalo nusura lininyonge: kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Wiki ya kwanza nililala tu ndani, sikutaka kuona mtu. Aliyenitoa ni mama watoto, aliyesema "hao wanasubiri ulale". Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikapewa Fomu Na. 1, nikaijaza. Fomu hiyo lazima mwajiri apewe nakala, na uwe na uthibitisho kwamba amepewa. Nikaipeleka getini kwao. Mlinzi, ambaye tumekula ugali mmoja miaka yote, alishindwa kunitazama usoni. Akapiga simu ndani, akanirudishia, "Kaka, nimeambiwa nisipokee." Simlaumu yeye. Nikaenda posta, nikaituma kwa rejesta, risiti nikaiambatanisha, shauri likasajiliwa siku ya 19.

Sitaki pole, na wanaotaka kunielekeza kwa waganga wanisamehe. Nahitaji wawili watatu kati yenu. Kwanza, makuli waliokuwa ghalani tarehe 11 mchana. Nawajua kwa sura na wanajijua, wengi wao ni wa Gungu na Katubuka. Najua mnaogopa kukosa vibarua. Sisemi mje leo, nasema mnitafute faraghani tuongee. Pili, yeyote aliyekuwa kwenye grupu lile na bado anayo picha ya ED yangu na yaliyoandikwa chini yake. Mimi nilitolewa siku ya barua na simu yangu ya zamani iliharibika. Tatu, mwenye uzoefu wa mashauri ya ugonjwa mbele ya mwamuzi, aniambie kama daktari wangu anaweza kuitwa kutoa ushahidi au maandishi yake yanatosha.

Na wale wa kazini mnaosoma huku kimya, maana najua mpo: kiinua mgongo changu, malipo ya notisi, siku za likizo nilizokuwa sijachukua na cheti cha utumishi, vyote bado viko mezani kwenu. Mwambieni aliyeniambia naona vitu vyangu kwamba tarehe ya usuluhishi imeshapangwa. Nitakwenda na kaunta buku. Ukurasa wa tarehe 11 una mafungu 114 na vijiti viwili, na chini yake kuli mmoja aliweka dole gumba, wino wa bluu, kabla msimamizi hajafika.