Mtoto aking'atwa na mbwa, nani alipie sindano: mwenye mbwa, mzazi au Serikali?

Mleta mada, Mbeya

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili jambo ambalo kila linapotokea vijijini kwetu, kuanzia Mbarali hadi Makete, huanzia kwa mtendaji wa kijiji badala ya kuanzia zahanati. Mtoto anang'atwa akiwa machungani au akitoka shule, wazazi wanamtafuta mwenye mbwa ili agharimie matibabu, naye anakana, au anadai kwamba mtoto ndiye aliyemchokoza mbwa, au anaomba asubiriwe mpaka auze mahindi. Wengi huona hiyo ndiyo haki, na mimi sipingi kwamba mwenye mbwa ana wajibu. Ninachopinga ni kulifanya deni lake kuwa sharti la mtoto kupata chanjo. Msimamo wangu ni kwamba kila mtoto aliye chini ya miaka 15 achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa bila malipo katika kituo cha Serikali siku ileile anayofikishwa, kisha halmashauri ndiyo imfuate mwenye mbwa.

Sababu yangu inatokana na ugonjwa wenyewe. Virusi vya kichaa cha mbwa hupanda kwa kufuata mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni, na dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, hakuna tiba ya kutegemea, na karibu kila anayefikia hatua hiyo hufa. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, lakini zinaweza kutokea baada ya wiki moja tu, na jeraha likiwa usoni, kichwani au shingoni muda huo huwa mfupi zaidi. Mtoto mdogo uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, kwa hiyo yeye ndiye asiye na muda wa kusubiri watu wazima wamalize shauri lao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na kwamba asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Matibabu yanajulikana. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15, na hatua hii, ambayo haigharimu kitu, ndiyo inayorukwa na wanaokimbilia kupaka pilipili, majivu au mafuta ya taa. Kisha inafuata chanjo, ambayo katika ratiba fupi inayopendekezwa na shirika hilo huchomwa ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya kwanza ya matibabu, siku tatu baadaye, na siku saba baada ya ile ya kwanza. Jeraha lililotoboa ngozi linahitaji pia imunoglobulini, yaani dawa yenye kinga iliyokwisha kutengenezwa, inayochomwa ndani ya jeraha na kulizunguka, kwa sababu mwili huchukua siku kadhaa kutengeneza kinga yake wenyewe baada ya chanjo. Mhudumu ataangalia pia kinga ya pepopunda, na hataharakisha kushona jeraha kabla ya imunoglobulini kuingia. Dawa hizi ni ghali, na imunoglobulini ni adimu hata mjini. Familia iliyouza kuku kwa dozi ya kwanza, ikakopa kwa ya pili na kukosa nauli ya kurudi kwa ya tatu, imetumia fedha zake zote na bado mtoto hajamaliza tiba.

Najua itasemwa kwamba sera imekwisha kuwasamehe watoto walio chini ya miaka mitano. Ni kweli, lakini mchunga ng'ombe wa miaka tisa hayumo katika msamaha huo. Joseph Meister, mtoto kutoka Alsace aliyechanjwa na mwanasayansi Louis Pasteur jijini Paris mwezi Julai 1885 baada ya kung'atwa, akapona, alikuwa na umri huohuo. Tena watoto wa rika hili ndio wanaoficha michubuko midogo kwa kuogopa kugombezwa, na mtoto anayejua kwamba nyumbani hakuna fedha ataficha zaidi.

Mchangiaji, ofisa mifugo, Njombe

Ndugu mleta mada, kuhusu haraka ya matibabu nakuunga mkono, lakini sikubaliani na mahali unapozielekeza fedha. Takriban maambukizi yote ya binadamu hutoka kwa mbwa, na asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa mnyororo wa ugonjwa hukatika, kwa gharama ndogo sana kwa kila mbwa ukilinganisha na tiba ya mtoto mmoja. Nina hofu kwamba mfugaji akijua Serikali inalipa, hatamleta mbwa wake siku ya chanjo, na hata sasa wengi husema mbwa wao hashikiki. Vilevile mbwa anayejulikana hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10, na akibaki mzima matibabu ya mtoto yanaweza kusitishwa. Kwa hiyo tuanze na daftari la mbwa la kila kijiji.

Mleta mada, Mbeya

Daftari nalipokea, ndugu yangu, na ningependa lianze mwaka huu. Hata hivyo zile siku 10 ni za kumwangalia mbwa huku mtoto akiendelea na dozi zake, na hapa ndipo vijiji vingi vinapokosea, kwa kuwa husubiri kwanza waone kama mbwa atakufa. Chanjo ya mbwa itawalinda watoto wa miaka ijayo, lakini aliyeng'atwa jana na mbwa asiyejulikana haimsaidii.

Kuhusu wafugaji kujisahau, napendekeza deni lipimwe kwa cheti: mwenye cheti cha chanjo ya mbwa cha mwaka huo alipe sehemu ndogo, na asiye nacho alipe gharama yote ya tiba, kwa awamu zitakazosimamiwa na mtendaji wa kata. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao kutoka kwa wakulima haohao wa viazi, mahindi na mbao, na sioni kwa nini sehemu yake isitengwe kununua chanjo kabla ya watoto kung'atwa. Ningependa madiwani waliomo katika mjadala huu watueleze kama fungu hilo limewahi kuletwa kwenye vikao vyao vya bajeti, na kama lilikataliwa, lilikataliwa kwa hoja gani.