Mzee wa Fuso kanirudishia flashi. Wakuu, naanzaje kusikiliza albamu nzima?

Dogo wa Buhongwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kibanda hapa Buhongwa, Mwanza, kando ya barabara ya Shinyanga. Kompyuta moja, sabufa moja, na bango la mkono: TUNAINGIZA NYIMBO, TUNACHAJI SIMU. Nina miaka 24 na kazi yangu ni kujua kinachovuma. Nikisikia bodaboda watatu wanaimba kipande kimoja asubuhi, jioni wimbo uko kwenye folda.

Wiki mbili zilizopita akaja mzee mmoja, dereva wa Fuso. Anapakia dagaa soko la Mwaloni Kirumba, anashusha Shinyanga. Akatoa flashi iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni, akasema, "Niwekee Exodus ya Bob Marley, yote." Nikaweka. Nikaona mzee wa watu asije akaboreka njiani, nikamwongezea nyimbo tatu zinazotrendi, bure.

Baada ya siku mbili karudi. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi akaniuliza, "Ng'wanawane (yaani mwanangu), ukienda kununua sangara, wanakuanzishia mkia?" Nikabaki namtazama. Ndipo akanieleza. Alikuwa na kaseti, ikaliwa na redio. Miaka yote alikuwa anaiwasha akitoka hapa Buhongwa, na upande wa kwanza unaisha akishapita Usagara. Wimbo wenyewe wa "Exodus" ndio unaofunga upande huo, una zaidi ya dakika 7, ukiisha ndipo anageuza. Sasa mimi kompyuta yangu imepanga kwa alfabeti! "Exodus" imekuwa ya kwanza, "One Love" ambayo ndiyo ya kufungia imeangukia katikati, na zile tatu zangu zimechomekwa humo humo, mojawapo imeongezwa kasi hadi mwimbaji anasikika kama mtoto wa chekechea.

Nikataka kumrudishia hela. Akakataa. "Isikilize mwenyewe kwanza, halafu ndiyo uniwekee."

Usiku nikafunga kibanda, nikavaa hedifoni. Ya kwanza, "Natural Mystic". Kimya. Nikajua faili limeharibika, nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Kumbe muziki unakuja wenyewe taratibu kutoka mbali, kama injini ya mtumbwi unayoisikia kabla hujauona. Ulipofika nilipo, nusura masikio yapasuke. Nikakaa dakika kama 37 sijagusa simu. Wakuu, naingiza nyimbo watu mwaka wa nne huu na sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

Sasa naomba ushauri. Nianzie albamu gani? Je, mnasikiliza moja kwa moja au mnarukaruka? Na rafiki yangu anasema nikianza mambo ya wazee nitapoteza wateja, maana mkate wangu uko kwenye vinavyovuma. Nisaidieni.

---

Sangara Mkavu

Ngoja nikae hapa nisubiri wajuzi. Ila huyo mzee kakupiga na kitu kizito.

---

Bibi Kaseti

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Miaka ya themanini mwishoni nilikuwa nauza kaseti soko la Mlango Mmoja, kabla mitumba haijafunika kila kitu pale. Mteja mjuzi ulimtambua kwa swali moja tu: "Upande B ukoje?"

Santuri kubwa ilikuwa inabeba dakika ishirini na kitu kila upande. Kwa hiyo msanii alikuwa na miisho miwili na mianzo miwili ya kuifikiria. Wimbo wa kukuingiza, wimbo wa kukufanya unyanyuke ukageuze, wa kukupokea upande wa pili, na wa kukuaga. Hiyo Exodus uliyoisikiliza ni mfano mzuri kuliko yote. Upande wa kwanza ni mzito, vita na hukumu na safari. Desemba 1976 jamaa alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston, akahamia London, albamu ikatoka Juni 1977. Ukigeuza unakutana na "Jamming" na "Waiting in Vain", mtu anacheza na kupenda. Mwaka 1999 jarida la Time la Marekani liliiita albamu ya karne. Wewe uliichanganya kama kachumbari.

Baada ya hiyo nenda kwa Remmy Ongala, Songs for the Poor Man, ya 1989. Aliirekodi Uingereza na bendi yake, Super Matimila, kwenye studio ya Peter Gabriel, lakini anaimba Kiswahili, kwa hiyo hutasingizia lugha. Fika hadi "Kipenda Roho" bila kuruka, kisha urudi hapa utuambie.

Onyo moja. Usimtafute Mbaraka Mwinshehe au Sikinde kwa mtindo huo huo. Bendi zetu nyingi zilikuwa zinarekodi wimbo mmoja mmoja, Radio Tanzania wanauweka kwenye tepu na kuurusha hewani, au unatoka kwenye santuri ndogo, wimbo upande huu na wimbo upande ule. Mikusanyo unayoiona leo imepangwa na watu wengine baadaye. Hapo ruka utakavyo, hakuna mpangilio wa mwenyewe unaouvunja.

---

Jiwe Juu ya Jiwe

Bibi Kaseti shikamoo. Ila tusidanganyane, albamu nyingi za zamani zilikuwa na nyimbo mbili kali na nane za kujazia. Ulikuwa unanunua nzima kwa sababu hawakuuzii robo. Leo kijana anachukua anachokitaka. Kosa liko wapi?

---

Bibi Kaseti

Marahaba. Za kujazia zilikuwepo, tele, na nimeziuza mimi mwenyewe nikijua. Lakini ndiyo maana chache zikaitwa kubwa. Thriller ya Michael Jackson, 1982, ina nyimbo 9. Saba kati ya hizo ziliingia kumi bora za Marekani. Nionyeshe ya kujazia ni ipi.

---

Jiwe Juu ya Jiwe

Hapo nimekubali yaishe.

---

Mtoto wa Kamanga

Mimi nina miaka 21 na nitawatetea wanaovuma, maana naona uzi unaelekea kwenye "vijana wa siku hizi".

Mwaka 2022 nilikuwa kwenye kivuko narudi kutoka Sengerema, msichana wa benchi la mbele anarudia kipande kimoja cha TikTok, mama fulani anafoka. Mimi nikakipenda. Kutafuta, ni "Running Up That Hill" ya Kate Bush, wimbo wa 1985! Ulitumika kwenye tamthilia ya Stranger Things, na Juni 2022 ukawa namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka. Basi nikaifuata albamu yenyewe, Hounds of Love. Upande wa kwanza ni nyimbo za kawaida, kila mmoja na lake. Upande wa pili wote ni hadithi moja, mtu anaelea majini peke yake usiku anasubiri kuokolewa. Nilisikiliza nikiwa kitandani na nikawasha taa. Sisi tuliokulia kando ya ziwa hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Kwa hiyo mleta mada, kipande cha sekunde 15 kina kwao. Kiulize kimetoka wapi. "Dreams" ya Fleetwood Mac ilirudi 2020 kwa sababu ya jamaa mmoja kwenye ubao wa magurudumu anakunywa juisi, ukiifuata unaikuta Rumours ya 1977. Wakati mwingine ukifuata unakuta hakuna kitu, kibanda cha mabati kisicho na mtu ndani. "Old Town Road" ya Lil Nas X ilikaa wiki 19 namba moja Marekani mwaka 2019, na toleo lake la kwanza halifiki dakika mbili. Ndiyo imeisha hiyo. Ni tamu, na mimi sioni kama ni dhambi.

Na wazee wasijifanye. Kabla ya simu hapa Usukumani kulikuwa na Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Nendeni Bujora wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, mkaone, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na vituko vyake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hiyo ni nini kama si kutrendi?

---

Sangara Mkavu

😂 Bagika na Bagalu kwenye hoja ya TikTok. Huyu binti ana akili.

---

Fundi Redio Igoma

Nyie mnabishana, mimi nimsaidie kijana asifukuze wateja.

Redio nyingi za bei nafuu za magari hazisomi alfabeti wala albamu. Zinapiga faili kwa mpangilio ulioziingiza kwenye flashi. Kwa hiyo usibebe folda lote ukalimwaga. Fanya hivi: futa flashi yote, yape mafaili namba mbele, 01, 02, hadi 10. Usiandike 1, 2, maana kuna redio itakupigia 1 kisha 10 halafu ndiyo 2. Kisha yahamishe moja moja, la kwanza kwanza. Inachosha, ndiyo, lakini albamu ya nyimbo 10 ni dakika chache tu. Kila albamu folda lake.

Mpangilio sahihi uangalie kwenye picha ya jalada la nyuma la santuri, usiamini kilichopakiwa na mtu YouTube. Wengi wanachanganya matoleo na kuongeza nyimbo ambazo hazikuwepo mwanzo.

---

Wakili Mstaafu wa Nyamanoro

Na mimi niseme lisilopendeza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999 na kibanda chako kiko ndani yake. Kunakili kazi za watu na kuziuza bila kibali ni kosa, iwe Bob Marley au msanii wa Igoma. COSOTA, wale wa ofisi ya hakimiliki, wapo, nenda ukaulize utaratibu kabla hawajakuja wao.

---

Dogo wa Buhongwa

Mzee wangu, nimekusikia. Nikisema nilikuwa sijui nitakuwa naongopa. Nitakwenda kuuliza.

---

Vina vya Kirumba

Mmezunguka Jamaica, Uingereza na Marekani, nyumbani mmeruka. Dogo, chukua Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, 2001. Kipindi hicho Bongo Fleva bado ina sura ya albamu, mtu anakaa mwaka mzima anaijenga. Halafu uje kwa mtu wetu wa hapa Mwanza, Fid Q. Albamu yake ya kwanza inaitwa Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Jina lenyewe limeshamjibu yule mzee wa Fuso!

Ukitaka kuona tofauti ya albamu na kinachovuma, kumbuka kuwa wimbo uliolitangaza jina la mji huu zaidi ni ule "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond wa 2018, unaolichezea jina la Nyegezi, ambao BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, waliufungia. Watu wa Nyegezi mpaka leo wakitaja kwao wanachekwa.

---

Wa Nyegezi Mimi

Tuacheni jamani.

---

Dogo wa Buhongwa (mrejesho)

Wakuu, naleta mrejesho kama Bibi Kaseti alivyotaka.

Remmy nimemaliza, mara mbili. Bibi Kaseti, shikamoo. "Kipenda Roho" niliipiga kwa sabufa saa moja jioni na mama muuza mihogo wa jirani akaacha kugeuza mihogo yake, akasimama na kijiko mkononi, ikaungua. Ananidai. Hounds of Love bado naiogopa kidogo, nitaisikiliza mchana.

Jumamosi mzee alipita, Fuso imepakia, harufu ya dagaa ilifika kibandani kabla yake. Nikampa flashi, 01 hadi 10, nimehamisha moja moja kama fundi alivyosema. Sikumwambia kitu. Akapanda, akaichomeka, na kabla haijalia chochote nikaona mkono wake unazungusha kitufe cha sauti kuelekea chini. Chini, si juu! Anajua inakotokea na anajua itakavyofika. Tukasubiri wote kimya, mimi nimeshika mlango wa gari, mpaka gitaa likaanza kusikika.

Akatikisa kichwa mara moja. Akanipa 1,000, nikamwambia ni nyingi, akaniambia nyamaza.

Utingo wake, kijana wa rika langu, akachungulia dirisha la pili: "Kaka, na ule wa TikTok je, ule wa kasi, umeutoa?"

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama barabara kwanza, akapiga gia.

"Safari ijayo umwekee," akasema. "Lakini uwe wa kumi na moja."