Mrejesho: ile filamu ya binti wa kanisa la kushika nyoka nimeipata

Wakuu, niliuliza hapa jina la filamu ya binti wa mchungaji ambaye kanisani kwao waumini wanashika nyoka wenye sumu. Aliyejibu kuwa ni Them That Follow ya 2019 amepatia, asante sana. Nimeshaitazama yote.

Binti huyo, Mara (kachezwa na Alice Englert), ana mimba ya Augie, kijana asiyeamini, huku baba yake akitaka aolewe na Garret, muumini mwenzao. Baba kachezwa na Walton Goggins, na upole wake ndio unaotisha. Ila aliyenishika moyo ni Olivia Colman, mama yake Augie: mwanawe ameumwa na nyoka, mkono umevimba, naye anamwombea tu badala ya kumkimbiza hospitali. Ilibidi nisimamishe kwanza, nivute pumzi.

Kuna aliyeuliza kama mambo haya yapo. Kisa ni cha kubuni, lakini makanisa hayo yapo kweli kwenye milima ya Appalachia, Marekani, na yanasimamia Marko 16:18, mstari wa Biblia unaosema waaminio watashika nyoka. George Went Hensley, mhubiri aliyeieneza desturi hiyo, alifariki 1955 kwa kuumwa na nyoka.

Mwenye kujua dokumentari nzuri kuhusu waumini hawa aniwekee jina.