Re: Re: Mtoto wangu Unguja, nijaze fomu ipi?

Baba Imani (Leicester):
Bwana asifiwe ndugu zangu, na salamu kwa wasiokuwa wa kanisani pia. Nna binti yangu Unguja, kazaliwa kabla sijaoa, sasa ana miaka 14, anakaa Mbweni kwa mamaangu, mama yake keshaolewa bara zamani. Nimemuombea viza aje huku Uingereza, TB kenda kupimwa Dar, ada nimelipa na ile hela ya matibabu ya NHS pauni 776 kwa mwaka nimelipa, juzi barua imekuja kakataliwa, eti sikuonesha kama mlezi wake ni mimi peke yangu. Halafu chini wamenigusa pabaya, kwamba fomu yangu mwenyewe ya viza ya ndoa ya 2021 pale pa watoto niliandika hakuna. Kweli niliandika hakuna. Sasa nikate rufaa au niombe upya, na kama upya, fomu ipi? Msinihubirie tafadhali, mie mwenyewe katibu wa umoja wa wanaume.

Mzee wa Mkunazini:
Bwana asifiwe mwanangu. Rufaa una siku 14, wahi. Na mshahara wako siku hizi lazima pauni 29,000 kwa mwaka. Mie nilipomleta wangu nilikuwa na gereji mchana, usiku nafagia maofisi, nalala masaa manne.

Kaka wa Coventry:
Mzee shikamoo, lakini unapotosha watu. 14 ni kwa alie ndani ya UK, mtoto yuko nje ni 28. Na 29,000 ni kwa walioanza viza ya ndoa kuanzia tarehe 11 Aprili 2024, huyu kaanza 2021, anahesabiwa 18,600 na 3,800 ya mtoto wa kwanza. Baba Imani uko FLR, ruhusa ya muda, au ushapata ILR, ya kudumu? Na hilo la "hakuna" tafuta wakili kabla hujatuma karatasi yoyote, lisije likaitia doa na viza yako.

Mzee wa Mkunazini:
Marahaba. 28 basi. Nilikuwa nasaidia tu, siku hizi hata kusaidia kuna mtihani.

Mama Shangani (Reading):
Kaka yangu ziache namba kidogo. Mkeo alijua lini? Na ripoti ya skuli anasaini nani? Marehemu baba yangu alikuwa katekista pale kanisani Minara Miwili, kila ripoti zikitoka anakaa barazani anasoma somo moja moja kwa sauti, hesabu 31, mtaa mzima unasikia, tulikuwa tunatamani ardhi ipasuke. Lakini saini ilikuwa yake.

Baba Imani:
Anatia bibi, dole gumba. Hela natuma mimi kila mwezi, risiti zote ninazo. Mke wangu alijua Februari, mkataba wa nyumba una jina lake ikabidi nimwambie ili anisainie barua. Alisaini. Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu, anaosha vyombo tu, hata visafi.

Bin Wete:
Mie si mwenzenu wa dini ila mtoto ni mtoto. Hela hata mjomba anatuma yakhe! Mie wa kwangu nilipeleka meseji za wasapu za miaka miwili, nimemgombeza kwa simu, nimemuuliza kala nini, mwalimu wake ananiandikia mimi sio bibi. Nadhani ndo zilizompitisha, mana risiti hata wakili alinambia weka nyuma.

Chake (Leeds):
Bin Wete umenikumbusha mbali, msimu huu karafuu ziko majamvini mpaka soksi zinanukia. Babu yetu alikuwa wa Kanisa la Marafiki, Quakers, wale waliokuja Pemba 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria. Hawaapi wale, hata mahakamani. Babu ndio yake ndio, hapana yake hapana, ukimletea fomu anaisoma siku mbili. Ile "hakuna" asingeiandika, sikusemi vibaya kaka.

Kaka wa Coventry:
Yote haya tungekuwa na uraia pacha yasingetukuta.

Mzee wa Mkunazini:
Uraia pacha utamsaidia nini mtoto wa Mbweni? Kwanza uraia wa wapi, wa Zanzibar au wa huo Muungano wenu?

Kaka wa Coventry:
Haya tushaanza.

Mama Shangani:
Siasa pelekeni kule kwengine. Baba Imani, mie naenda nyumbani tarehe 12, nna kilo 6 zimebaki. Nambie binti anavaa kiatu namba ngapi, nimchukulie cha skuli.

Baba Imani:
Ahsante sana dada, Mungu akubariki. Namba siijui, ngoja nimpigie mama nimuulize.

Bin Wete:
Mpigie mtoto.

Baba Imani:
Sawa. Na fomu jamani, ni ipi?