Saundikadi ya USB inakwaruza, na chaja ikichomekwa spika zinavuma

Kinanda_Tanga
Wakuu, naombeni msaada. Nina saundikadi ya nje ya USB, laptopu ya Windows 11 na spika mbili zenye amplifaya ndani. Nikirekodi maiki huku biti inapiga, sauti inakatika kwa mikwaruzo midogomidogo, ta-ta-ta, hasa nikiongeza efekti. Halafu nikichomeka chaja, spika zinavuma, nikichomoa, kimya. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta huandaa kwa mara moja) ni sampuli 64, kasi sampuli 48,000 kwa sekunde. Kebo ya USB nimeshabadilisha, hakuna tofauti. Saundikadi imekufa?

mzee_wa_miksi
Haijafa. Hayo ni magonjwa mawili, usiyatafutie dawa moja.

Mikwaruzo: sampuli 64 kwa kasi hiyo zinaipa kompyuta milisekunde 1.3 tu kuandaa kila fungu la sauti. Ikichelewa, fungu halifiki kwa wakati, ndiyo hiyo "ta" unayoisikia. Rekodi kwa 256, yaani milisekunde 5.3, ukifika kumiksi weka 512 au 1024. Ukiona 256 inachelewesha sauti yako masikioni, washa kitufe cha "Direct" kwenye saundikadi, ujisikie moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kisha zima kujisikiliza kwenye traki ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili.

Programu ya kurekodi itumie draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha) ya aliyetengeneza kifaa. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows zima "USB selective suspend", inayolaza matundu ya USB ili kuokoa umeme. Na achana na habu (kigawanyaji cha tundu la USB) isiyo na umeme wake: tundu moja la USB 2.0 hutoa miliampia 500, habu inazigawa kwa vyote vilivyochomekwa, na ukiwasha volti 48 za maiki ya kondensa ndipo upungufu unapojitokeza.

WayaMbili
Naongezea. Mkwaruzo unaokuja kwenye neno la nguvu tu hauna uhusiano na bafa, ni geni (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) imezidi. Ishushe mpaka vilele viishie karibu na -12 dB. Na kama hata kwa 512 bado inakatika, endesha LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji kwenye Windows, dakika 10 uone draiva ipi inaishika prosesa. Mara nyingi ni ya Wi-Fi. Izime, pima tena.

Fundi_Jeki
Kuhusu mvumo: chaja ya pini ngapi? Na jeki za kebo za spika zina pete nyeusi ngapi?

Kinanda_Tanga
Bafa 256 imemaliza mikwaruzo, asanteni sana. Chaja ni ya pini tatu, spika pia. Jeki zina pete moja. Jirani ananishauri nikate pini ya ethi ya chaja. Kuna na kale kadude ka kutenganisha USB, kanafaa?

Fundi_Jeki
Pini usiikate kabisa. Siku chaja ikivuja ndani, bodi ya chuma ya laptopu na maiki unayoishika ndivyo vitakavyobeba umeme wa 230.

Kinachotokea ni hiki. Laptopu imeunganishwa na ethi kupitia chaja, spika kupitia waya wake wa umeme, na zinakutana tena kwenye kebo ya sauti. Hilo ni duara, na mkondo mdogo unazunguka humo. Kebo ya pete moja hutumia waya wa nje kama njia ya kurudisha sauti, kwa hiyo takataka zote zinaingia. Kebo ya pete mbili ina nyaya mbili za sauti ndani. Spika inachukua tofauti kati yake, na mvumo ulioingia sawasawa kote unafutika. Angalia nyuma ya spika kama tundu limeandikwa "TRS" au "balanced", kisha nunua kebo mbili za pete mbili. Kwanza lakini jaribu bure: chomeka chaja na spika zote kwenye ekstensheni moja.

Spika zikiwa na RCA tu (yale matundu ya mviringo ya redio na TV, yasiyo "balanced"), tumia kisanduku cha transfoma kati ya saundikadi na spika. Kale kadude ka USB, vile vya bei rahisi vingi huishia megabiti 12 kwa sekunde, na saundikadi nyingi za sasa zinataka 480. Ukikachomeka, kifaa kinaweza kisionekane kabisa.

Kinanda_Tanga
Ekstensheni moja imepunguza mvumo kama nusu. Spika zimeandikwa "balanced". Kesho naenda kutafuta kebo.