Eti gari langu lina "mkono wa mtu"! Huyu fundi wa mashine wa hapa Mtwara kanifika shingoni

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, mikono inatetemeka. Wa Mtwara mnamjua, simtaji. Yule wa kompyuta kwapani na miwani ya jua mpaka saa nne usiku.

Nilitaka kitu kimoja: milango ya Golf yangu ijifunge yenyewe gari likifika spidi 15. Halihitaji spana wala spea, ni mpangilio tu ndani ya kontroli boksi ya bodi, ile kompyuta ndogo ya milango, vioo na wipa. Unachomeka mashine ya kupimia gari kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unahifadhi mpangilio wa zamani, unaandika mpya, kwisha. Yeye kaamua kuflashi, yaani kufuta na kuandika upya programu nzima! Betri imechoka, chaja hajaunga, hajahifadhi chochote. Katikati ya kazi gari likazima. Sasa wipa zinafuta jua, vioo havipandi, ufunguo unakataliwa.

Halafu mbele ya mama mkwe, kashuka leo leo kutoka Newala, anafunga kompyuta yake: "Dada, hili gari lina mkono wa mtu."

Mkono wa mtu! Mbele ya mama mkwe! Mkono uliogusa hiyo boksi ni wako! Shangani nzima imesikia. Mama wa watu kagoma hata kupanda bajaji, eti nimeshaikalia.

KoroshoGhafi: Golf Mtwara? Ungenunua IST kama wenzako, spea mpaka Masasi zipo.

Spana14: Kuflashi bila chaja ni kuua boksi. Hizo boksi zinaongea kwa nyaya mbili, mfumo wa CAN ambao Bosch waliutoa 1986, boksi moja ikikwama nyingine zinaweweseka. Na usikimbilie boksi ya mtumba. Bila kusajili ufunguo upya gari haliwaki.

MamaShangani (mleta uzi): Boksi nimeelewa. MKONO WA MTU, mbele ya MAMA MKWE!!

Mnolela: Bi mkubwa ana hoja. Golf ulitoa wapi hela?

KijanaWaMikindani: Mimi wangu kachomelea bampa bila kutoa betri, taa ya eabegi inawaka hadi leo.

Spana14: Betri inatolewa kwanza, siku zote.

KoroshoGhafi: Afadhali nyie. Mimi nimeuziwa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, imeganda mabonge, mikorosho imeshatoa maua.

Mnolela: Yule wa duka jipya?

KoroshoGhafi: Huyo huyo. Na simu hapokei.